Kahawa kwenye Tenki la Choo

Fundi bomba aliomba kahawa.

Sikushangaa. Wa kwanza alikuwa ameomba soda, wa pili nauli ya kurudi mjini. Huyu wa tatu, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa hajamaliza dakika tano ndani ya nyumba, begi lake bado limefungwa, akauliza kama kuna kahawa. Nikachemsha. Si ile ya kukoroga kwenye maji ya moto. Ya kwetu, ya kutwanga, nyeusi ti. Nikamletea kwenye kikombe na kisahani, maana umri wake ulistahili kisahani.

Akanywa nusu. "Nzuri hii, mama." Kisha akanyanyuka na kikombe chake, akaingia chooni, akafunua mfuniko wa tenki la maji na kumimina humo nusu iliyobaki.

"Asiflashi mtu," akasema. "Tukae."

Tukakaa. Akawauliza wanangu wako darasa la ngapi, akanisimulia habari za migomba yake kuliwa na funza. Baada ya robo saa hivi akaniita chooni. Ndani ya sinki la choo, kwenye ule weupe wa nyuma, ulikuwa unateremka mstari mwembamba wa rangi ya chai. Hakuna aliyeflashi. Hakuna sauti hata kidogo. Ungepita hapo mara mia usiuone, na mimi nilikuwa nimepita hapo zaidi ya mara mia.

"Huyo ndiye anayekula hela yako," akasema mzee.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, hapa Moshi, mvua za masika zikiwa zinaelekea ukingoni. Leo ni wiki ya sita na bado naifikiria siku ile. Kahawa ni kichekesho tu, nimeshaisimulia kila mahali. Kinachonisumbua ni nilichofanya nusu saa baadaye, aliponitajia bei yake, na hicho sijamsimulia mtu zaidi ya baba watoto.

## Ukuta

Turudi Machi. Nyumba yetu ni ya watu watano, na bili ya maji huwa inacheza kwenye uniti 13 au 14, uniti moja ikiwa lita elfu moja. Machi ikaja 30. Wiki hiyohiyo ukuta wa korido, ule unaopakana na bafu, ukatoa doa la unyevu. Lilianza kama kiganja cha mtoto. Baada ya siku chache lilikuwa ramani ya Afrika, Madagaska tu ndiyo iliyokosekana.

Bili imepanda, ukuta umelowa. Nani asingeunganisha? Bomba limepasuka ndani ya ukuta, basi.

Fundi wa kwanza nililetewa na bodaboda wa mtaani. Kijana mchangamfu, mwepesi wa mikono. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akaweka sikio, akasema elbo, ile kona inayounganisha mabomba, imeachia. Akatoa nyundo na tindo. Siku mbili nzima nyumba ilikuwa vumbi, na alipofika kwenye elbo kweli aliikuta imelowa. Akanionyesha. Nikaishika kwa mkono wangu mwenyewe. Akakata, akaweka mpya.

Mabomba ya siku hizi ni yale ya plastiki ya kijani yanayoitwa PPR, hayafungwi kwa nati, yanachomelewa. Ile mashine yao inapata moto wa nyuzi kama 260, bomba na elbo vinalainika, vinasukumwa pamoja na kuwa kitu kimoja. Ukishachomelea vibaya hakuna kufungua na kurudia, ni kukata. Kijana alichomelea vizuri tu. Mzee alipokuja kuikagua baadaye alisema mkono wa yule dogo ni safi.

Nilimlipa 85,000 ya ufundi, mbali na vifaa, mbali na wali maharage wa siku mbili. Nililipa kwa moyo mweupe. Vumbi lililojaa mpaka ndani ya kabati la vyombo lilinihakikishia kwamba kazi imefanyika.

Kisha Pasaka. Tukafunga nyumba, tukapanda kijijini Machame kwa siku nne. Tuliporudi ukuta ulikuwa umekauka kabisa, na mimi nikamsifia yule kijana kazini mpaka wenzangu wawili wakachukua namba yake.

Alhamisi, Afrika ikarudi ukutani.

## Wa pili na daftari lake

Wa pili alikuja na futi kamba na daftari. Alizunguka nyumba nzima, akapima, akaandika, akatikisa kichwa sana. Shida yangu, akasema, ni presha kubwa iliyochosha mabomba. Mfumo wote ung'olewe. Ufundi peke yake 1,350,000, vifaa nitanunua kwa orodha atakayonipa, kwenye duka atakalonielekeza.

Sikuwa na hela hiyo. Nakiri kwamba hicho ndicho kilichoniokoa, wala si akili. Ningekuwa nayo ningeitoa, maana mtu mwenye daftari anatisha kuliko mwenye nyundo.

Usiku nikampigia baba watoto, aliyekuwa Dodoma kikazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo moja: "Usivunje kitu chochote tena mpaka mtu akueleze kwa nini ukuta ulikauka Pasaka."

Nikamjibu kwa hasira kidogo kwamba ulikauka kwa sababu fundi alitengeneza.

"Sasa kwa nini umelowa tena?"

Nikakata simu nikisingizia mtandao.

## Maswali

Namba ya mzee nilipewa na mama mmoja muuza vifaa vya bomba upande wa Mbuyuni. Nilimuulizia fundi mzuri akanitazama kama anayenipima, kisha akasema kuna meku mmoja hapa, yaani mzee, haninunulishii sana vitu lakini hata mimi nyumbani kwangu namwita yeye. Ilinichukua wiki kadhaa kuielewa sentensi hiyo.

Nikampigia. Mafundi wengine huuliza kwanza unakaa wapi. Huyu aliuliza, "Ukuta unalowa zaidi saa ngapi?"

Sikujua. Niliishi na ukuta huo miezi miwili na sikujua.

Akanipa kazi mbili. Ya kwanza, niutazame ukuta asubuhi kabla watoto hawajaoga, niutazame tena wakishaoga. Ya pili, usiku wote wakishalala nipige picha mita ya maji, na alfajiri kabla mtu hajagusa koki nipige tena. Asitumie choo mtu. Nikawapa watoto ndoo, wakafurahi kama wamepelekwa kambi.

Saa nne usiku nilipiga picha ya kwanza kwa tochi ya simu. Saa kumi na moja alfajiri nikapiga ya pili. Katika saa saba za usingizi, nyumba isiyotumia hata tone ilikuwa imepitisha lita 160. Ndoo nane za lita 20. Nikazizidisha kwa siku, kisha kwa mwezi, nikapata uniti 16 na ushee. Toa 14 kwenye 30 uone.

Ukuta nao ulikuwa na majibu yake. Asubuhi ulikuwa na ubaridi tu. Watoto walipotoka kuoga, kufikia saa tatu, doa lilikuwa limekoza.

Kwa hiyo mzee alipofika Jumamosi alikuwa ameshafanya nusu ya kazi akiwa kwake. Alichokifanya kwangu ni kuvitenganisha vitu viwili nilivyokuwa nimevifunga kamba moja.

"Mama, wewe una wagonjwa wawili. Umewalaza kitanda kimoja ukadhani ni mmoja."

Akanieleza taratibu, na nitajitahidi kueleza kama alivyosema. Maji yanayoingia kwenye koki za nyumba yanatoka kwenye tenki la juu, nayo yamo ndani ya bomba muda wote, usiku na mchana, mkiwepo msiwepo. Bomba hilo likiwa na tundu, ukuta utalowa muda wote. Mlipokwenda Machame mlifunga maji ya tenki? Hatukufunga. Basi maji ya tenki hayakwenda Machame. Yalikuwa humohumo ukutani siku zote nne, na ukuta ukakauka. Kilichokwenda Machame ni watu wanaooga.

Kwa hiyo si maji yanayoingia. Ni maji yanayotoka.

Nilikaa kwenye kiti cha korido. Elbo iliyolowa, ile niliyoishika kwa mkono wangu, ilikuwa imeloweshwa na maji ya kuoga yaliyopenya kwenye sakafu na kuishukia kwa nje. Haikuwa inavuja. Ilikuwa imenyeshewa.

Kuhusu presha alicheka kidogo tu, bila kumtaja mwenzake. Tenki langu liko juu ya mnara wa mita nne. Mita kumi za kimo ndizo zinazotoa bar moja ya presha, kwa hiyo mimi nina 0.4. Akapangusa vumbi kwenye kipande cha bomba walichokiacha stoo, akanisomesha maandishi: PN 20. Yaani limetengenezwa kuhimili bar 20 za maji baridi. "Hili halijachoka," akasema. "Hili hata halijaamka."

Mgonjwa wa kwanza, bili, ndiyo ile kahawa. Chini ya tenki la choo kuna mpira unaoziba tundu. Ukikakamaa au ukishika chumvichumvi, unapitisha maji kimyakimya. Alikuwa nao mmoja kwenye begi, elfu sita. Akafunga ile koki ndogo ya pembeni, akatoa wa zamani, akapangusa mdomo wa tundu kwa kitambaa, akaweka mpya. Sijui kama zilifika dakika nne.

Mgonjwa wa pili alinipa dawa ya kufanya mwenyewe. Ziba tundu la sakafu ya bafu kwa nailoni na kitambaa, mwaga maji yafike kimo cha kidole, chora mstari wa penseli kwenye marumaru, ondoka, rudi jioni. Maji yakishuka chini ya mstari, sakafu inapitisha. Yakibaki palepale, zibua, na ukuta ukilowa baada ya hapo, kosa liko kwenye bomba la chini la kutolea. Nyundo isubiri jibu.

Nilifanya. Jioni maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Fundi marumaru akaja wiki iliyofuata, akakwangua maungio yote ya sakafu na kuyajaza upya, akaziba vizuri kuzunguka tundu. Ukuta ulichukua wiki tatu kukauka. Umekauka.

## Elfu thelathini

Hapa ndipo ninapopakwepa.

Mzee alifunga begi, akanawa mikono, nikamuuliza, "Baba, tunakupa shilingi ngapi?"

"Mpira elfu sita. Mimi nipe thelathini."

Nikacheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka. Nikasema, "Baba jamani, thelathini kwa dakika ishirini? Hujavunja hata kitu!"

Hujavunja hata kitu. Nilimlaumu mtu kwa kutobomoa nyumba yangu.

Tukabishana kidogo. Yaani nilibishana peke yangu. Yeye alikuwa anatazama mlango. Nikampa elfu kumi na sita, sita za mpira na kumi zake. Akazikunja mara mbili, akazitia mfuko wa shati. "Sawa mama. Ubarikiwe."

Alipofika getini akarudi hatua mbili. Nikajua anataka kuongezewa, nikajiandaa kukataa. Akasema, "Ile geti valvu ya hapa baada ya mita imeganda. Uwe unaifungua na kuifunga, hata mara moja kwa miezi michache. Vinginevyo siku bomba likipasuka kweli haitafunga, na maji yatakuwa yanakutazama."

Akaenda zake.

Nilifurahi siku nzima. Nilimpigia baba watoto nikamwambia tumeokoa milioni na laki tatu, na fundi mwenyewe nimemaliza naye kwa elfu kumi. Akauliza, "Aliomba ngapi?" Nikamwambia. Akanyamaza. Nikasema tena kwamba ilikuwa dakika ishirini. Akasema, "Haya." Mlioolewa mnaijua hiyo "haya".

## Cha juu

Nimejitetea kwa njia nyingi wiki hizi. Nimejiambia kwamba kosa ni lake, angetaja bei kabla hajaanza. Kweli kabisa, angetaja, na tangu sasa nitakuwa naulizia bei mapema. Lakini najijua. Angeniambia kwenye simu kwamba kuja kuangalia tu ni elfu thelathini, ningemwona tapeli na ningempigia mwingine wa "kuja kuangalia ni bure mama".

Na huyo wa bure, faida yake inatoka wapi?

Sote tunaijua cha juu. Fundi anakuandikia orodha ya vifaa, anakuelekeza duka, na dukani kuna chake. Kwa miaka mingi nimeichukulia kama wizi mdogo wa kawaida, kama ule wa konda na chenji. Nilikuwa na mbinu zangu: vifaa nanunua mwenyewe, risiti nakaa nayo, mabaki ya bomba yasiondoke na begi la mtu. Bado nadhani ni mbinu nzuri. Hela ya vifaa na hela ya ufundi zisichanganywe, na ya ufundi itolewe kwa mafungu, la mwisho likibaki mpaka maji yapite siku mbili tatu bila kuvuja.

Ila sasa naiona pia kutoka upande ule mwingine. Ikiwa kumleta fundi na macho yake na kichwa chake na miaka yake ni bure, basi lazima kula yake itoke kwenye vitu viwili vilivyobaki: vifaa na jasho. Atakuuzia bomba jingi kuliko unalohitaji. Au atavunja. Yule kijana wa kwanza sidhani kama alinidanganya. Aliona elbo imelowa, akaamini. Lakini hebu fikiria angekuja, akagonga ukuta, akaniambia, "Mama, sina uhakika, hebu tuutazame kwanza siku tatu." Ningempa elfu mbili ya bodaboda na kuwaambia majirani kwamba huyo si fundi.

Mimi ndiye niliyemfundisha kuvunja. Mimi na wateja wengine wote aliowahi kuwa nao.

Sasa nikaielewa ile kauli ya mama wa Mbuyuni, kwamba haninunulishii sana vitu lakini nyumbani kwangu namwita yeye. Muuza duka anajua nani anauza mabomba na nani anatibu nyumba, na kwake hawezi kuita wa kwanza.

Sitaki pia kumfanya mzee malaika. Simu yake hupokelewa siku anayotaka yeye, na nimesikia aliwahi kuacha kazi ya mtu nusu kwa sababu mwenye nyumba alimsimamia sana. Na si kila anayeuliza maswali mengi ana majibu. Nimeshakutana na daktari wa aina hiyo. Mzee ana cheti cha gredi ya pili, cha enzi za mitihani ya ufundi yenye gredi tatu, na anakitunza kwenye nailoni. Siku hizi kijana aliyejifunzia kazini anaweza kwenda VETA, ile mamlaka ya ufundi stadi, akapimwa ujuzi wake akapewa cheti. Ni vizuri kukiuliza. Ila yule wa daftari naye alikuwa nacho, tena chenye lamination.

## Vitu ambavyo ningepaswa kuvijua

Kilichoniuma kingine ni jinsi nilivyokuwa mgeni ndani ya nyumba yangu. Miaka saba. Nilijua bei ya kila pazia na sikujua maji yanaingilia wapi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchungulia. Mita ni ya mamlaka ya maji, huruhusiwi kuichezea. Bomba la baada ya mita ni lako na kila tone linalopotea hapo unalilipia wewe. Kutoka mitani linapanda kwenye tenki, na mle ndani kuna boya linalofunga maji tenki likijaa. Boya likifa, maji yanamwagikia kwenye bomba la ziada, na kwa baadhi ya nyumba bomba hilo limeelekezwa kwenye migomba, hivyo migomba inastawi na mwenye nyumba anashangaa bili. Jirani yangu mmoja nimemshuku. Migomba yake imenona kupita kiasi.

Choo cha wageni kilikuwa na harufu tangu mwaka jana. Nilikuwa nanunua manukato ya kupuliza, ya limau, ya waridi, mpaka kikawa kinanuka shimo la choo lililooteshwa waridi. Nilimuuliza mzee wakati tukisubiri kahawa ifanye kazi. Akauliza bafu lile linatumika lini. Nikasema mara chache sana, mpaka aje mgeni. Akasema kamwage jagi moja la maji kwenye tundu la sakafu. Basi. Chini ya kila tundu kuna kona inayoshika maji, kimo cha sentimita tano hivi, na maji hayo ndiyo kifuniko kati yako na shimo. Yakikauka, shimo linakuja kukusalimia. Mwaka mzima wa manukato, na dawa ilikuwa jagi.

Koki inayodondoka usiikabe kwa nguvu. Mara nyingi ni washa tu imekwisha, na kuikaba kunaimaliza zaidi. Tepu nyeupe inazungushwa kufuata upande wa kukazia, ukizungusha kinyume inajivua unapokaza. Hii niliikosea mara mbili, bafu likanioshea nguo nilizovaa kwenda kanisani.

Na anayejenga sasa hivi, kabla plasta haijapigwa: mabomba yajazwe maji, yapandishiwe presha, yaachwe usiku. Halafu piga picha kila ukuta, futi kamba ikiwa imeshikiliwa hapohapo. Mimi ningekuwa na picha hizo, yule kijana asingefika na tindo mpaka upande wa pili wa mlango akitafuta bomba.

## Babu na mfongo

Pasaka ile kule Machame nilitembea mpaka kwenye mfongo wa ukoo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Una maji bado, si kama zamani. Nilipokuwa mdogo, babu alikuwa akiamka kabla ya jua, anavaa koti, anaweka mikono mgongoni na kuufuata mfongo kwenda juu. Hana jembe, hana panga. Anatazama tu. Akirudi anasema, pale kwa fulani udongo unaanza kuachia, au kuna mtu amefungulia maji zamu isiyo yake. Halafu ndipo vijana wanaitwa na majembe.

Hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kusema babu hafanyi kazi. Uji wake uliwekwa wa kwanza.

Nilikuwa nimesimama hapohapo kwenye mfongo, kokwa la parachichi mkononi, nikiwaza jinsi fundi wangu wa kwanza alivyofanya kazi nzuri.

## Muamala

Kiraka cha rangi bado kiko koridoni. Rangi haikupatana, ukuta ni krimu, kiraka ni krimu ya aina yake. Kila nikipita na kikapu cha nguo kinanitazama. Wiki hii ya sita nikashindwa. Juzi usiku nikamtumia mzee elfu ishirini kwa M-Pesa, sikuandika chochote. Ningeandika nini?

Asubuhi akapiga.

"Mama, kuna hela imeingia jina lako. Umekosea, au ni wale matapeli wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'?"

"Shikamoo baba. Sijakosea. Ni ya mwezi wa tano."

"Ya mwezi wa tano ulinipa."

"Haikutosha."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia jogoo, na mtu akiburuta ndoo.

"Ukuta umekauka?" akauliza.

"Umekauka baba. Kabisa."

"Na geti valvu, umeizungusha?"

Nikatazama getini kupitia dirishani. Majani yalikuwa yameshaifunika.